Shule ya Kijiji ni ya Nani?

Ukimwuliza mtu wa Lundo, kule mwambao wa Ziwa Nyasa, kanisa la kijijini kwake ni la nani, atakujibu bila kusita kwamba ni letu, na pengine atakuonyesha matofali aliyoyabeba yeye mwenyewe. Ukimwuliza habari za mtumbwi uliovutwa mchangani, atakutajia mwenyewe kwa jina lake na la baba yake. Lakini umwulize shule ile yenye bendera, waendako watoto wake kila asubuhi, ni ya nani. Hapo atanyamaza kidogo, kisha atasema: Ni ya Serikali. Jibu hilo si uongo. Ni nusu ya jibu tu, na ile nusu iliyosahauliwa ndiyo inayowapunja watoto wetu.

Katika somo la juma hili twataka kueleza, kwa maneno ya kawaida, jinsi shule za umma zinavyoongozwa, na jinsi mzazi awezavyo kujua kama zinafundisha. Tumeichagua Lundo kwa kuwa ni mahali padogo, kata moja ya wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, nchi ya wavuvi na wakulima wa muhogo. Na katika chungu kidogo mtu huona upesi kilichomo. Sheria ni moja nchi nzima, basi msomaji wa Bukoba au wa Ifakara naye asome huku akiifikiria shule ya kwao.

Shule za nchi ile hazikuanzishwa na Serikali. Mwambaoni walitangulia ndugu zetu Waanglikana wa misioni ya UMCA, waliofanya makao yao katika kisiwa cha Likoma tangu miaka ya 1880. Askidikoni William Percival Johnson, aliyelizunguka ziwa lile kwa miaka mingi, alifariki mwaka 1928 akazikwa Liuli. Kwa upande wa bara walikuja Wabenediktini, wakaanza Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, kisha wakashuka hata ziwani. Kila upande ulijenga shule zake, na tuseme kweli, kama kwingineko Tanganyika haikuwa mara zote kwa upendo, mashindano yalikuwapo. Sheria ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa kuziandikisha shule za misioni na kuzipa ruzuku zile zilizofikia kipimo cha Serikali. Msimamizi wa shule alikuwa mmisionari. Yeye alishughulika na mshahara wa mwalimu, na uhamisho wake, na paa lililovuja. Mzazi mwenye neno alijua mlango wa kubisha hodi.

Ndipo ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ambayo kwayo Serikali ilizichukua shule za misioni zilizokuwa zikipata ruzuku. Seminari zikabaki mikononi mwa Kanisa. Hatuandiki haya kwa kinyongo. Wakati ule watoto wa Waislamu na wa dini za jadi walikuwa wamebaki nyuma sana, na haki ilidai mlango ufunguliwe kwa wote. Lakini jambo moja lilitokea ambalo halikuandikwa katika sheria yoyote: siku padre alipokabidhi funguo, wazazi nao walikabidhi uangalizi wao. Mwaka 1972 hata halmashauri za wilaya zilivunjwa, zisirudishwe mpaka mwaka 1984, na katika miaka ile kizazi kizima kikazoea kwamba mambo ya shule huamuliwa mbali, na watu wasiofahamika.

Leo mambo yalivyo ni haya. Hadi mwaka 2012 Lundo ilikuwa chini ya wilaya ya Mbinga, na mtu wa mwambaoni mwenye shauri la shule alipanda milima hadi Mbinga mjini. Mwaka ule Nyasa ilifanywa wilaya, makao yake makuu Mbamba Bay. Huko ndiko iliko Halmashauri ya Wilaya, yenye madiwani waliochaguliwa na wananchi na Mkurugenzi Mtendaji aliyeteuliwa na Rais. Chini ya Mkurugenzi wako maafisa elimu wawili, mmoja wa elimu ya awali na msingi, mwingine wa sekondari. Na katika kata yupo Afisa Elimu Kata, ambaye wengi bado wamwita mratibu. Halmashauri zote ziko chini ya TAMISEMI, na kwa njia hiyo hupita mambo ya majengo, ya fedha na ya kuwapanga walimu. Lakini yale yafundishwayo darasani hutoka upande mwingine, yaani Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia: mtaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani na Baraza la Mitihani, na Wathibiti Ubora wa Shule, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi, ni watu wa Wizara. Mwalimu akitakiwa kupandishwa cheo, au akivunja nidhamu, shauri lake laenda Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Basi mwalimu mkuu wa shule ya mwambaoni ana mabwana watatu, hali Injili yatuonya kwamba hata wawili ni wengi. Paa likiezuliwa na upepo wa ziwa, huandikia upande huu. Vitabu vikipungua, upande ule. Ndiyo maana mzazi akiuliza kwa nini jambo fulani halijafanyika huambiwa: limepelekwa juu. Na huko juu kuna ngazi nyingi.

Nchi nyingine zina utaratibu mwingine. Huko Marekani, mahali pengi, wananchi wa wilaya ndogo ya shule huchagua bodi yao kwa kura. Bodi humwajiri msimamizi wa shule zote, na sehemu kubwa ya fedha hutoka katika kodi ya ardhi na nyumba za wenyeji. Asiyeridhika humwondoa mjumbe wakati wa uchaguzi. Ubaya wake ni kwamba penye matajiri hupatikana shule za kitajiri, na maskini hubaki na umaskini wao. Kwetu ruzuku hutoka Hazina kwa hesabu ya vichwa, mtoto wa Lundo sawasawa na mtoto wa Dodoma, na jambo hilo ni jema. Lakini sisi hatuna kura ya bodi ya shule za wilaya. Diwani ndiye tumpigiaye kura, naye kwa kawaida twamchagua kwa habari za barabara na maji.

Hata hivyo sheria imetuachia kiti kimoja, na juu ya kiti hicho ndipo tunapotaka kukawia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yaagiza kila shule ya msingi ya umma iwe na kamati ya shule, na kila sekondari iwe na bodi. Katika kamati huketi wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, pamoja na walimu na uongozi wa kijiji. Mwalimu mkuu ni katibu. Uenyekiti si wake. Kwa miaka mingi kamati hizi zilikuwa kama mapambo, mpaka ulipoanza mwaka 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ikafutwa, na fedha zikaanza kupelekwa shuleni zenyewe. Tangu hapo kamati yapaswa kupanga matumizi, kuyaidhinisha, na kuwasomea wazazi mapato na matumizi. Na tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, ruzuku hutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule.

Ni fedha kiasi gani? Kiwango kilichowekwa kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zilizokwenda shuleni. Chukua shule ya watoto 400. Ruzuku yake kwa mwaka ni shilingi 2,400,000. Gawanya kwa miezi kumi na miwili, upate 200,000. Kwa fedha hizo shule yapaswa kununua chaki na karatasi, kutunga mitihani ya ndani, kukarabati madawati, kununua mpira, na kulipa nauli ya katibu aendaye wilayani. Kwa mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi. Msomaji aendaye sokoni ajua shilingi 500 yanunua nini.

Mtu atasema: fedha zenyewe ni kidogo hivi, kamati ya nini? Sisi twasema kinyume. Mwenye kibaba kimoja ndiye apimaye kwa makini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nao hawakuwa wakizungumza na matajiri.

Mwandishi wa somo hili amepata kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya umma, ambayo hataitaja. Walikuja watu wachache sana kuliko idadi ya watoto. Mwalimu mkuu akasoma mapato na matumizi kwa sauti ya mbio, kama mtu asomaye litania akiwa amechelewa. Mara bibi mmoja, mlezi wa wajukuu, akainua mkono: "Samahani, Mwalimu. Hiyo misumari kilo ishirini ilipigiliwa wapi? Mimi paa naliona ni lilelile." Watu wakacheka. Mwenyekiti akamwambia: "Bibi, keti, hayo ni ya wataalamu." Lakini mwalimu mkuu, tena ndiye aliyekuwa ameulizwa, akasema swali la Bibi ni halali, akatuongoza hadi stoo, akafungua. Misumari ilikuwamo, karibu yote, imeanza kushika kutu. Mabati yalikuwa hayajanunuliwa, kwa kuwa fedha zilizofuata zilikuwa pungufu, na mwalimu aliona haya kuwaambia wazazi. Hapakuwa na mwizi mahali pale. Palikuwa na mtu mmoja aliyebeba mzigo wa watu mia mbili peke yake, na watu mia mbili wasiojua kwamba upo. Jioni ile ile wazazi walikubaliana kununua mabati kumi na mawili.

Twakiri kwamba uwezo wa kamati una mipaka. Haiwezi kumwajiri mwalimu wala kumhamisha. Haiwezi kubadili hata neno moja la mtaala. Katibu wake ndiye mwenye kujua kila kitu, na mwenyekiti aliyeacha shule darasa la nne huweka sahihi mahali anapoonyeshwa. Lakini kijana aliyepangiwa kufundisha mwambaoni, akishuka garini na begi lake, huuliza kwanza atalala wapi. Na jibu la swali hilo haliko Mbamba Bay wala Dodoma. Kamati iliyomtafutia chumba kizuri na jirani wa kumkaribisha ugali kwa samaki imefanya kazi ambayo hakuna waraka uwezao kuifanya. Asipopata hayo, barua yake ya kuomba uhamisho huandikwa kabla ya kuisha muhula wa kwanza.

Vivyo hivyo katika ujenzi. Mwaka 2021 Serikali ilitoa fedha za madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na kazi nyingi za namna hii hufanywa na mafundi wa kawaida wakisimamiwa na kamati za wananchi: moja ya manunuzi, moja ya mapokezi, moja ya ujenzi. Mjumbe wa mapokezi ndiye anayehesabu mifuko ya saruji inaposhushwa. Akihesabu akiwa amekaa nyumbani kwake, darasa litasimama, lakini nyufa zitaanza kuonekana kabla ya mtoto wa darasa la kwanza kufika la tatu.

Tuje sasa kwenye lile kosa kubwa. Wengi walisikia maneno "bila malipo", wakadhani yamesema "bila mzazi". Nyaraka za Serikali zilieleza wazi kwamba sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Kisha Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, kwa kuwa palikuwa na shule zilizowarudisha watoto nyumbani kwa ajili ya fedha, jambo la aibu. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba mwalimu aliogopa kuomba, mzazi akafurahi kutoombwa, na sufuria ya uji ikakaa tupu. Mtoto wa mwambaoni huondoka nyumbani alfajiri. Mwingine usiku wake umepita akimsaidia mjomba kuvua usipa kwa taa. Afikapo saa sita mchana ana njaa na usingizi, na mwalimu wa hisabati azungumza na vichwa vilivyolazwa juu ya madawati. Chakula kinachotolewa kwa hiari ya wazazi wenyewe hakikukatazwa. Serikali imetoa hata mwongozo wa chakula na lishe shuleni. Mkutano wa wazazi waweza kukubaliana debe la mahindi kwa kila kaya, au muhogo mkavu, na maharage kidogo. Ila mkutano lazima uketi, makubaliano yaandikwe, na ghala iwe na daftari.

Kanisa lina fundisho juu ya haya. Papa Pius XI, katika barua yake ya tarehe 31 Desemba 1929 juu ya malezi ya Kikristu ya vijana, alifundisha kwamba haki ya wazazi ya kulea hutangulia haki ya dola. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya elimu, ulithibitisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na kazi ya dola ni kuwasaidia, si kushika nafasi yao. Angalia, msomaji: mafundisho hayo hayakuwekewa shule za Kanisa peke yake. Mtoto ni wako akiwa seminarini, na ni wako akiwa katika shule ya kijiji. Hapa tuna neno kwa wale miongoni mwetu wenye uwezo, ambao wamepeleka watoto wao katika shule za bweni za majimbo na mashirika. Wamefanya vema. Lakini katika parokia nyingi hao ndio wajuao kusoma hesabu: mwalimu mstaafu, karani wa chama cha ushirika, muuguzi wa zahanati. Wakijitenga na shule ya kijijini kwa kuwa watoto wao hawamo, watoto waliobaki humo, na wengi wao ni wabatizwa, hubaki bila mtetezi mwenye miwani.

Na matokeo je? Kila mwaka Baraza la Mitihani hutoa matokeo ya darasa la saba, shule kwa shule, na mtu yeyote aweza kuyaona. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora katika matokeo yake, nasi twaona lilifanya vema, maana orodha zile zilinadi biashara kuliko elimu. Lakini mzazi akisikia mkutanoni kwamba "shule yetu imefaulisha asilimia 80", asipige makofi kabla hajauliza maswali mawili.

La kwanza: kufaulu ni kupata nini? Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Apataye 121 amepata daraja C, naye huhesabiwa amefaulu. Hizo ni kama alama 40 katika mia. Shule mbili zaweza kuwa na asilimia ileile, watoto wa moja wakiwa wameng'ang'ania kwenye 125 na wa nyingine wakiwa kwenye 200. Mwaka 2012 nchi ilishtuka kusikia kwamba walikuwapo maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, nao hawajui kusoma wala kuandika. Hao nao walikuwa wamehesabiwa wamefaulu. Kwa hiyo ni afadhali kutazama wastani wa shule na idadi ya waliopata A na B. Na kuna mtihani mwingine usiohitaji Baraza: mpe mtoto wako wa darasa la tatu gazeti hili, akusomee aya moja.

La pili ndilo kubwa zaidi: asilimia 80 ya wangapi? Tufanye mfano. Watoto 80 waliandikishwa darasa la kwanza. Miaka saba baadaye 50 wakakaa mtihani, na 40 wakafaulu. Tangazo litasema asilimia 80, na hesabu yake ni sahihi, maana 40 katika 50 ni hivyo. Lakini kijiji kilipeleka watoto 80, kikapokea 40. Ni nusu. Wale 30 wasioonekana popote wako wapi? Wengine wamehama na wazazi wao. Wengine wako ziwani, wengine wanachuma kahawa kwa watu huko Umatengoni. Mwingine ni binti aliyepata mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu binti wa namna hiyo kurudi shuleni, lakini hana budi kupatikana mtu wa kwenda nyumbani kwao kumwambia, na kumwambia baba yake pia. Hakuna afisa wa wilaya awezaye kuwafuata watoto 30 wa kijiji kimoja, nyumba kwa nyumba. Kamati yaweza, kwa sababu wajumbe wake wapita mbele ya nyumba hizo kila siku waendapo kisimani, na Jumapili waendapo Misa.

Wazazi wa Lundo, na wa kwingineko, watakapoitwa katika mkutano ujao wa shule, waombe vitabu viwili viletwe mezani: daftari la fedha la mwaka huu, na rejesta ya darasa la kwanza la miaka saba iliyopita. Hiyo ya pili huenda iko chini kabisa kabatini, na mwalimu mkuu atahitaji siku moja au mbili za kuitafuta. Basi aombwe mapema, kwa barua, na nakala apelekewe mwenyekiti wa kamati.